Ncha ya Jina

*Ujumbe wa simu*
*Kilifi, 22 Aprili 2025*

A.A.W.W. Mama. Mzima? Mm mzima. Kisima cha Ganze tayari, A.H. Maji matamu. Ufunguzi J'mosi 31/5, I.A. Kibao kinaandikwa wiki hii. Nisalimie wote.

M.

*Shela, Malindi*
*Alhamisi, 24 Aprili 2025*

Kwako mwanangu Muzammil,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nimeisema yote, umeiona? Wala ulimi haukung'oka. Sisi huku wazima, ila goti langu la kulia bado lina ugomvi na ngazi. Dadako Lubna hajambo, ndiye anayeandika haya nikimtajia, maana macho yangu siku hizi hata sindano ya kofia nailenga kwa kubahatisha. Shangazi yako Zainab hajambo. Wewe je? Kifua kimepoa? Unakula? Nakuuliza kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ukiulizwa hujibu.

Sasa tuje kwenye huo ujumbe wako. Lubna alitusomea sebuleni, mimi na shangazi yako tumetulia tuli kama watu wanaosubiri kuandama kwa mwezi. Akaanza: "A, A, W, W." Shangazi yako akauliza, mtoto kapata kigugumizi? Nikamwambia hapana, anatusalimu. Akauliza, mbona hamalizi?

Muzammil, salamu ni dua. Unaniombea amani na rehema na baraka, kisha waniletea herufi za mwanzo, zilizobaki nijazie mwenyewe? Siku ukija nikupe harufu ya pilau nikwambie umeshiba? Na hiyo "nisalimie wote" ndiyo ilinimaliza kabisa. Wote ndiye nani? Shangazi yako alikaa akitega sikio asikie Zainab, hakusikia Zainab. Kainuka kaenda zake, chai kaiacha kikombeni.

Habari ya kisima imenifurahisha, nisikufiche. Nia yangu waijua. Nduguyo alipeleka maji Ganze na lile boza lake, lori la tangi, miaka na miaka, mpaka ile homa ilipomchukua mwaka jana hata hatujajua ni homa gani. Tukauza kiwanja chake, tukachimba hukohuko alikokuwa akipeleka maji, iwe sadaka yake isiyokatika. Ninachotaka ni kimoja tu. Kila anayechota alitaje jina lake, aseme Mungu amrehemu. Basi kibao kiandikwe jina zima, Uweis bin Jaafar bin Athman.

Na usiniandikie kwa simu tena. Mchora vibao wako, Kioko, huja Malindi kila Ijumaa kupaka rangi maduka. Mpe barua, ataileta.

Mamako,
Batuli

*Kilifi*
*Jumanne, 29 Aprili 2025*

Kwako Mama,

Shikamoo. Assalamu alaikum w.w. Samahani, mkono umezoea. Mimi mzima, kifua kimepoa, nakula. Shangazi Zainab namwomba radhi na ninamsalimu kwa jina lake. Lubna pia.

Lakini Mama, usinihukumu peke yangu. Barua umempa Kioko mkononi, na bado juu ya bahasha umeandika S.L.P. Hiyo S.L.P. ni nini kama si sanduku la posta lililokatwa? Wewe mwenyewe wafupisha na hujijui. Ofisini kwetu, kwenye mambo ya maji, hatuwezi kuishi bila vifupisho. Kila mradi una jina refu kuliko mtaro wake. Mkubwa wangu, Bwana Musembi, akisimama kusoma ripoti, nusu ya anayosema ni herufi, na watu wanaelewa.

Na usidhani ni uvivu, ni elimu yake. Nimekutafutia. Kiingereza wana neno la kila kitu kilichofupishwa, "abbreviation," nalo asili yake ni Kilatini, maana yake kukifanya kitu kiwe kifupi. Halafu wana jingine, "acronym," sisi twasema akronimu. Hilo limeundwa kwa Kigiriki. "Akros" ni ncha, na sehemu ya pili ni jina. Yaani ncha ya jina. Hata si la kale. Kwenye Kiingereza limeenea siku za ile vita kuu ya pili, majeshi na maofisi yalipojaa majina marefu. Waokota mwanzo wa kila neno, waunganisha, wapata neno jipya linalotamkika.

Ndivyo tulivyofanya na jina la kisima. Tumeokota mwanzo wa kila neno tukapata KIMUJA. Kioko ameshaandika, rangi ya samawati, herufi kubwa, utazisoma toka barabarani. Linakaa kichwani. Bwana Musembi alilipigia makofi. Marehemu atakumbukwa vizuri, usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
M.

*Shela, Malindi*
*Ijumaa, 2 Mei 2025*

Muzammil,

Marahaba. Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sote wazima, na goti vilevile. Sikuulizi hali yako leo, nimehamaki.

Kimuja! Shangazi yako aliposikia alisema audhubillahi. Kasema hilo ni jina la pepo, na pepo mwenye jina hilo atataka ubani na kitambaa chekundu. Nami sikuweza kumkatalia.

Nikamwambia Lubna anifungulie. Akanifungulia. Ki ni kisima, M ni marehemu, U ndiye mwanangu, na Ja ndiye babako. Babako angalau kapata herufi mbili. Babu yako Athman hakuonekana kabisa, kaachwa mlangoni. Mwanangu niliyembeba, nikamnyonyesha, nikamwuguza, nikamfumba macho kwa mkono huu, leo ni U! Kuna mama gani duniani anaulizwa mwanao nani akajibu U?

S.L.P. yangu isikupe kichwa. Sanduku la posta halikuzaliwa, halina mama.

Ncha ya jina, wasema. Basi hao Wagiriki wamesema kweli tupu, tena wamekuumbua. Ncha umeipata. Jina lenyewe umelitia wapi? Mwanamke wa Ganze katoka mbali na ndoo yake, jua kali, amefika, ameinua macho, kasoma KIMUJA. Amwombee nani sasa? Aseme Mungu amrehemu nani? Mimi kofia nashona tundu baada ya tundu, nikiruka moja tu kofia nzima yajikunja, mwenyewe anairudisha. Sijaona mteja akaniambia Bi Batuli, nishonee ncha ya kofia.

Kifute. Mwambie Kioko arudi na brashi yake. Na huyo Bwana Musembi mpe salamu zangu, mwambie makofi yake ayapige kwao.

Mamako,
Batuli

*Kilifi*
*Ijumaa, 9 Mei 2025*

Kwako Mama,

Shikamoo. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima.

Mama, naona twagombana bure. Kibao ni kidogo, jina refu halikai. Kamati ya kisima imeshakubali, na mwenyekiti wake, Mzee Ngumbao, ametia dole gumba. Siku ya ufunguzi Bwana Musembi atasoma hotuba, na jina kamili la marehemu limo ndani ya hotuba. Atalisoma vizuri, anayo sauti. Mimi nitakuwa upande wa pampu, kuna mambo mengi ya kushughulikia pale. Kwa hiyo jina litasomwa, na hilo ndilo ulilotaka.

Gari la kukuchukua wewe na Lubna nimeshaongea na dereva, atakuwa mlangoni asubuhi. Naomba tusiirejee habari hii. Nina kazi nyingi sana.

Nisalimie Lubna na Shangazi Zainab.

M.

*Shela, Malindi*
*Jumanne, 13 Mei 2025*

Kwako mwanangu Muzammil,

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hatujambo sote. Shangazi yako amesikia jina lake safari hii, kakusamehe, na chai kanywa mbili.

Nilikaa nikujibu kwa ukali. Maneno nilikuwa nayo tele, na Lubna kalamu mkononi. Kisha kitu kikaniambia ngoja. Nikamwambia aniletee barua zako zote na simu pia, anisomee kila ulichotuandikia tangu siku tuliyotoka makaburini. Alisoma mpaka koo likamkauka. "Marehemu." "Ndugu yetu." "Mwenzangu." "Mwenye kisima." Mahali pamoja umeandika U na nukta. Jina lake, Muzammil, hulitaji. Hakuna hata mahali pamoja.

Nikamwuliza Lubna, na kwa mdomo je? Akaniambia, Mama, hata kwa mdomo hajawahi. Akija Idi, Shangazi akisema tu chumba cha Uweis, yeye hutoka nje kwenda kuangalia pikipiki. Mimi hapa nimekaa, mwaka mzima, naona mtoto apenda pikipiki yake.

Basi si kibao. Kibao hakina udogo wowote. Nami nakazana na Kioko wa watu na rangi zake! Mbona hukuniambia? Wanichosha, wallahi wanichosha, na sasa hivi nimechoka zaidi kwa kuwa siwezi tena kukukasirikia vizuri.

Mimi jina lake hunitoka kila siku bila kutaka. Nikimimina chai naita, Uweis, chai! Lubna huja yeye, huinywa. Likinitoka laniuma, na nikilizuia laniuma zaidi, kwa hiyo naliacha litoke. Wewe jina la kwanza kulitamka maishani mwako lilikuwa lake. Alikuwa akikubeba mgongoni kukupeleka chuo cha Kurani, na ukishushwa tu wamwita. Mimi uliniita baadaye sana, na nilinuna.

Sasa sikiliza sharti langu. Siji Ganze kumsikia Bwana Musembi akisoma jina la mwanangu kwenye karatasi. Hakumjua, hakula naye, hakumwosha. Utalitaja wewe, mbele za watu, lote, au gari lako litarudi tupu. Najua nakuomba kitu kizito. Nakuomba hivyohivyo.

Mamako,
Batuli

*Shela, Malindi*
*Ijumaa, 23 Mei 2025*

A.A. M.

Mzima? Mm mzima. Kioko kaja. Barua hakuna.

B.

Umeona inavyokaa kifuani? Haya. Nijibu.

Mamako

*Ganze*
*Jumamosi, 31 Mei 2025*

Kwako Mama yangu mpenzi, Bi Batuli,

Shikamoo. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na goti limekubali suluhu na ngazi. Namsalimu dada yangu Lubna, ambaye najua ndiye anayesoma hapa na ameshaanza kwenda mbio. Lubna, pole pole. Nawasalimu majirani wa kulia na wa kushoto, na muuza mahamri wa kona, na hata yule paka wako mwizi. Mimi mzima. Nakuandikia nikiwa bado hapa kisimani, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, watu wamepungua.

Gari lilirudi tupu kama ulivyosema. Dereva kanieleza kila kitu. Kasema alikukuta barazani umeshavaa buibui, viatu mguuni, pochi mapajani, na ukakataa kuinuka. Ulivaa, Mama. Hilo nimelifikiria tangu asubuhi.

Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa nimekasirika, na nilikusudia kukukaidi. Nilipanga Bwana Musembi asome, mimi nisimame kwenye pampu nijifanye nakaza nati. Turubai lilifungwa, wanawake wakaja na ndoo, wazee wakakalishwa viti. Kibao kilifunikwa leso. Leso ikavutwa, KIMUJA ikaonekana, watu wakapiga makofi. Mzee Ngumbao peke yake hakupiga. Akasimama na fimbo yake, akauliza, "Kimuja ndiye nani?"

Bwana Musembi akamweleza vizuri, kwamba hiki ni kifupisho cha kisima cha marehemu fulani wa Malindi. Akafungua karatasi yake asome. Mzee akamwambia, "Ngoja kwanza. Kamati iliniambia nitie dole, nikatia. Lakini leo ni kunywa. Hapa kwetu maji ya marehemu hayanywi mtu kabla mwenyewe hajaitwa, kwa jina lake na la babake, na huitwa na mtu wa damu yake. Wewe u damu yake?" Bwana Musembi akasema hapana. Akasema, damu yake yule pale kwenye pampu.

Wakanigeukia wote. Nilikuwa na spana mkononi, Mama, na hapakuwa na nati ya kukaza.

Nilifungua mdomo, ikatoka ile herufi ya kwanza, ikakwama. Nikajaribu tena, ikakwama palepale. Nilidhani watanicheka au watakwenda kwenye maji, maana tangu alfajiri walikuwa wakiyangoja. Hakuna aliyesogea. Mama mmoja wa mbele, ndoo kichwani, akaniambia tu, "Haya mwanangu, twakungoja." Alisema kama wewe unavyosema.

Nikasema Uweis. Nikasema Uweis bin Jaafar bin Athman, wa Malindi. Ndugu yangu. Alikuwa akileta maji hapa na boza.

Yule mama akaishusha ndoo. Akaniuliza, "Uweis wa boza? Uweis wetu?" Ukapita mnong'ono nyuma yake, kisha sauti, kisha kilio. Mama, walikuwa hawajui. Mwaka mzima walikuwa wakiuliza yule kijana yuko wapi, na dereva aliyemfuata akiwaambia kahamishiwa njia nyingine. Walikuwa wamemnunia. Walidhani amewasahau. Kisima chake kimechimbwa mbele ya macho yao, kibao kimesimamishwa, na hakuna aliyejua kuwa ni chake. Mimi ndiye niliyepita hapa kila wiki na jina mfukoni.

Yule mama alikaa chini mchangani akalia. Alikuwa akimtilia uji kila boza lilipokuja. Anajua alikuwa hali sukari nyingi. Anajua alikuwa akiimba vibaya. Nilimwambia ndiyo, vibaya sana, tangu utotoni. Nikacheka na kulia kwa pamoja, na Bwana Musembi akakunja karatasi yake akaenda kusimama jua kali pembeni. Baadaye nilimwona anajifuta macho kwa tai.

Wakachota. Kila aliyechota alisema, Mungu amrehemu Uweis. Nilisimama palepale kwenye pampu mpaka ndoo ya mwisho, nasikia jina lake, na kila mara naitikia amina.

Kioko ameifuta ile KIMUJA kwa mafuta ya taa. Ameandika jina lote. Kibao kweli ni kidogo, sikukudanganya, na babu Athman amebanwa pembeni, herufi zake za mwisho zimepanda ukingoni. Lakini yumo.

Uliniuliza jina nimelitia wapi. Nililishika ncha kwa kuwa lilikuwa la moto, kama mtu anavyoshika ukingo wa sufuria akiitoa jikoni. Sikuwa na kitambaa. Sikujua njia nyingine ya kulibeba bila kulidondosha.

Nisamehe kwa kukuchosha.

Mwanao,
Muzammil bin Jaafar bin Athman,
mdogo wake Uweis

*Shela, Malindi*
*Jumanne, 3 Juni 2025*

Kwako mwanangu Muzammil,

Marahaba, na waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Tu wazima.

Umemsalimu muuza mahamri. Umemsalimu paka. Shangazi yako Zainab umemsahau! Kakaa pale tangu mwanzo wa barua mpaka mwisho, na paka mapajani mwake. Nimechoka nawe, kabisa. Akakasirika kwa muda wa kikombe kimoja, kisha akaanza kulia kwa mambo ya uji, basi hasira ikamtoka. Idi ni wiki hii. Njoo, umwombe radhi uso kwa uso. Utalala chumba cha Uweis, nimeshatandika, na pikipiki utaifunga uani nisiione.

Na baada ya Idi utanipeleka Ganze. Nataka kumwona huyo mama wa uji. Gari lije na wewe ndani, si dereva peke yake.

Barua yako, aliyoileta dereva, aliisoma Lubna, pole pole kama ulivyomwagiza. Alipofika pale uliposema jina akainua macho, akaniangalia. Nikamwambia soma. Akasoma, Uweis bin Jaafar bin Athman. Nikamwambia, rudia.

Mama yenu,
Batuli